Vifaranga waliofia mlangoni: jibu kwa mwalimu wa darasa la nne

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi huku Singida vijijini. Mwezi wa 8 tulitengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa boksi la mbao na globu. Tukaweka mayai 30: 12 ya trei kutoka dukani na 18 ya kienyeji waliyoleta wanafunzi kidogo kidogo. Wametoka vifaranga watano tu, leo wana siku tatu, na wawili kati yao miguu imetanuka, hawawezi kusimama. Mtoto mmoja aliona kifaranga anahangaika ndani ya yai akamsaidia kumenya ganda, damu ikatoka, akafa mikononi mwake. Darasa zima lililia. Nilivunja mayai yaliyobaki: 15 hayakuwa na kitu, matatu yalikuwa na kitu kidogo chenye duara la damu, na sita yalikuwa na vifaranga kamili waliokufa, wamenata kwenye utando kama wamepakwa gundi. Mzee mmoja jirani anasema tungeweka msumari na mkaa pembeni yasingeharibika. Mwalimu mkuu anataka tuache, na mzazi mmoja anaogopa mafua ya ndege. Watoto wanataka turudie. Tulikosea wapi? Na tukirudia, tutumie mashine au kuku?"*

Marahaba mwalimu, na poleni sana wewe na darasa lako. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu umefanya jambo ambalo hata wafugaji wazoefu hawalifanyi: umevunja mayai yaliyobaki, ukahesabu, ukaandika ulichokiona. Wengi huyatupa jalalani kwa hasira. Kwa hesabu yako naweza kukujibu nikiwa huku mbali.

Na hesabu hiyo inakuonea. Wewe unasema watano kati ya 30, na bila shaka mwalimu mkuu anasema hivyo hivyo. Toa kwanza yale 12 ya trei. Kuku wa mayai wa kisasa hufugwa bila jogoo. Kuku hahitaji jogoo ili atage. Anamhitaji ili yai liwe na mbegu. Mayai yale hata yangelaliwa mwaka mzima yasingetoa kitu zaidi ya harufu. Toa na matatu ya kienyeji yaliyokuwa matupu, labda yalitoka nyumba yenye mitetea mingi na jogoo mmoja mzee. Yanabaki 15 yenye mbegu, na kati ya hayo matatu yalikufa mapema. Maana yake ni kwamba vifaranga 12 kati ya 15 walifika siku za mwisho wakiwa hai, ndani ya boksi lililotengenezwa na watoto wa miaka kumi. Nimeona mashine za kununua zilizofanya vibaya kuliko hapo. Mliharibikiwa katika siku tatu za mwisho, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Lakini nimalize kwanza yale matatu ya mapema. Duara la damu maana yake kiinitete, yaani kifaranga katika hatua za mwanzo kabisa, kilianza kukua, mishipa ikatanda, kisha kikafa ndani ya wiki ya kwanza. Kwenu nashuku mambo mawili. La kwanza umelisema mwenyewe: mayai yaliletwa "kidogo kidogo". Yai la kutotolesha halipendi kukaa zaidi ya siku saba kabla ya kuanza kulaliwa. Likae mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba ikiangalia chini, na lisioshwe, kwa sababu juu ya ganda kuna utando mwembamba unaozuia vijidudu kuingia. Yai chafu liache, chagua jingine.

La pili ni joto, na hapa niruhusu nikiri dhambi yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipika mayai 90 ya watu. Kipimajoto changu kilikuwa kimelala sakafuni mwa mashine kikisoma vizuri kabisa, huku juu, kwenye migongo ya mayai, joto limezidi. Hewa ya moto hupanda. Mashine isiyo na feni, kama boksi lenu, ina tabaka za joto kama chungu cha supu, kwa hiyo kipimajoto kikae usawa wa migongo ya mayai, na hapo kisome kati ya nyuzi 38 na 39. Ikiwa na feni inayozungusha hewa, 37.5 kila mahali inatosha. Na hakikisheni kipimajoto chenyewe kinasema kweli: azimeni kile cha kupimia homa kwenye zahanati, vitieni vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, mlinganishe. Kiinitete huvumilia ubaridi wa muda mfupi kuliko moto. Mtetea mwenyewe huondoka kwenye mayai kila siku akale, anywe, ajisaidie, na hakuna kinachoharibika. Umeme ukikatika saa mbili tatu, funikeni boksi kwa blanketi na muweke ndani chupa za maji ya moto; mtavuka. Ila joto likifika nyuzi 41 mchana mmoja tu, mmekwisha.

Sasa siku tatu za mwisho.

Watoto huniuliza swali moja kila ninapotembelea shule: kifaranga anapumua wapi na yai limefungwa? Ganda halijafungwa. Lina maelfu ya vitundu ambavyo jicho halivioni. Chukueni yai la kula, mlitie kwenye glasi ya maji ya moto kiasi, mtaona vipovu vidogo vikijitokeza juu ya ganda: ni hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Kwenye vitundu hivyo hivyo, hewa safi huingia na mvuke wa maji hutoka. Kwa siku 18 za kwanza kifaranga hana haja ya mapafu, kwani chini ya ganda pametandazwa mishipa ya damu, na mishipa hiyo ndiyo inayovuta hewa kwa niaba yake.

Maji nayo lazima yapungue, lakini kwa kipimo. Hadi siku ya 18 yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 ya uzito wake. Yai lenu la kienyeji lenye gramu 40 lifike kwenye 35 hivi. Nafasi inayoachwa na maji hayo ndiyo chumba cha hewa, kile mnachokiona upande butu wa yai mkilimulika kwa tochi. Likipoteza maji machache mno, chumba huwa kidogo na kifaranga huzama kwenye unyevu wake mwenyewe. Likipoteza mengi, utando hukauka na kumbana. Mkipata mizani ndogo, pimeni mayai matano yaleyale kila wiki mchore mstari ubaoni. Hiyo ni hisabati ya mwezi mzima na haihitaji kitabu.

Siku ya 19 au ya 20 kifaranga huingiza mdomo kwenye kile chumba cha hewa na kuvuta pumzi yake ya kwanza. Ukiweka yai sikioni utamsikia akilia. Hewa ile haimtoshi kwa muda mrefu, kwa hiyo kwa kijino kigumu kilicho kwenye ncha ya mdomo anatoboa ganda. Kisha anatulia. Hapo ndipo watu wote wanapokosa subira, walimu na wanafunzi. Anaweza kukaa saa 12, hata 24, akiwa na kitundu kimoja tu, amenyamaza, na anayemtazama anadhani amechoka au anakufa. Kumbe yuko kazini. Damu iliyokuwa kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini mwake kidogo kidogo, na kiini cha njano kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni kupitia kitovu. Vikikamilika vyote viwili, anaanza kuzunguka na kukata ganda kama mtu anayefungua kopo, na ndani ya saa moja au pungufu yuko nje.

Kwa hiyo yule mtoto alipomenya ganda, alikata mishipa iliyokuwa bado imebeba damu. Mweleze hivyo hivyo, kwa maneno hayo, bila kumficha. Mwambie pia jambo la pili, ambalo nalo ni kweli: sita wenzake ambao hakuna aliyewagusa walikufa wamenata kwenye utando, na huyo mmoja huenda asingepona hata angeachwa. Huruma yake haikuwa kosa. Kosa lilikuwa la hewa ya boksi, nayo tulia tuone iliharibikaje.

Nitabahatisha, nawe utaniambia kama nimekosea. Siku ya 20 mtoto mmoja alisikia mlio, akaita wenzake. Mfuniko ukafunguliwa. Darasa la nne lote likapita kuchungulia, likafuata la tano, mwalimu wa darasa la pili naye akaja na simu apige picha. Kila mara mfuniko ulipofunguliwa, unyevu wote ulitoka kwa mkupuo, na mwezi wa 8 kwenu hewa ni kavu, upepo unapuliza. Utando mweupe uliokuwa laini ukakauka juu ya manyoya mabichi kama karatasi ya gundi. Kifaranga aliyenaswa hivyo hawezi kuzunguka, na asiyeweza kuzunguka hatoki. Maneno yako "kama wamepakwa gundi" yalinitosha. Hiyo ni alama ya ukavu, na karibu kila mara chanzo chake ni mfuniko.

Dawa yake haina gharama kubwa. Siku 18 za kwanza unyevu uwe asilimia 50 hadi 55, na sahani moja ya maji ndani huwa inatosha. Kuanzia siku ya 18 upande hadi 65 au 70: ongezeni sahani ya pili au tandazeni kitambaa kilicholowa kinachoning'inia ndani ya maji. Kinachohesabika ni upana wa maji, kina hakisaidii. Ndoo moja nyembamba haifui dafu mbele ya sinia. Siku hiyo hiyo acheni kugeuza mayai. Halafu mfuniko ufungwe mpaka vifaranga watoke na kukauka. Kateni dirisha juu yake, muweke kioo au nailoni ngumu inayoonyesha, watoto watazame hapo wanavyotaka. Msiogope kuwaacha ndani siku nzima bila chakula. Kile kiini walichokivuta tumboni kinawalisha siku mbili hadi tatu, na ndiyo sababu vifaranga wa siku moja husafirishwa kwenye maboksi ya tundu tundu hadi mikoani wakafika wanalia kwa nguvu.

Kuhusu kugeuza: kabla ya siku ya 18 mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku, la sivyo kiinitete hunata upande mmoja wa ganda. Idadi iwe witiri, tatu au tano, ili upande unaolala usiku leo usilale kesho. Wekeni alama ya penseli, X huku na O huku. Umefanya vizuri kama uliwapangia zamu, ila niambie nani alikuwa wa zamu Jumapili.

Mzee wa msumari na mkaa msimvunjie heshima. Imani hiyo nimeikuta sehemu nyingi, na msumari ukiwa kwenye kiota haudhuru kitu. Wala hausaidii. Mtetea aliyewekewa msumari anatotoa vizuri kwa sababu ni mtetea. Kama wanafunzi wana hamu, watengeneze viota viwili, kimoja na msumari, kimoja bila, wahesabu wenyewe, kisha wampelekee mzee majibu pamoja na mayai mawili matatu ya kula. Na wakikwambia mayai marefu hutoa majogoo na ya duara hutoa majike, wahesabie vivyo hivyo.

Wale wawili wenye miguu iliyotanuka ni wa haraka zaidi, kwa hiyo kama unasoma jibu hili leo, anza nao. Nadhani mliwaweka juu ya gazeti au kwenye boksi lenye sakafu laini. Kifaranga mchanga akiteleza, miguu hukimbilia pembeni na mifupa, ambayo bado ni laini, huzoea huko. Kata ukanda mwembamba wa plasta ya kitambaa, ufunge mguu mmoja na mwingine kama pingu, ukiacha nafasi ya kawaida ya kusimama, kama upana wa kidole kimoja au kuzidi kidogo. Usikaze. Waweke juu ya gunia au maranda ili kucha zishike. Chakula na maji viwe karibu na midomo. Ukibadilisha plasta kila siku, wengi hunyooka ndani ya siku tatu hadi tano kama kazi imeanza mapema. Wakimaliza wiki bila mabadiliko, hawatapona, watakanyagwa na wenzao, na hapo ni afadhali mtu mzima anayejua awachinje haraka kuliko kuwaacha wateseke. Watoto wa Singida wanajua kuku huchinjwa. Wanachohitaji ni kuelezwa sababu mapema, wasikute kiota kitupu asubuhi.

Sasa swali lako la mashine au kuku. Nitasema wazi ninakoegemea: kwa shule yako, kuku. Mtetea mmoja mzuri wa kienyeji analalia mayai 10 hadi 12 barabara, anayageuza mchana na usiku bila zamu, Jumapili haendi kwao, umeme wake haukatiki, na unyevu anauleta mwenyewe kwa ngozi yake. Si ajabu akakupa vifaranga tisa au kumi. Mjaribuni kwanza kwa mayai ya kudanganyia siku mbili tatu muone kama kweli ametulia: akiguswa ajitune na kuguna lakini asiondoke. Kabla ya kumwekea mayai mnyunyizieni dawa ya unga ya utitiri na chawa, la sivyo atakimbia kiota wiki ya pili, au atabaki, kisha vifaranga wanyonywe damu. Mayai ya kweli mwekeeni usiku, yote kwa pamoja. Kiota kiwe mahali pa giza ambapo kicheche hafiki.

Kuku naye ana gharama zake. Akilalia na kulea hatagi kwa miezi mitatu hivi, kwa hiyo familia itakayowaazima mtetea inawakopesha mayai, ilipwe kwa vifaranga. Na kwa darasa ana kasoro moja kubwa: kila kitu kinatokea chini ya manyoya. Watoto hawaoni.

Hapo ndipo boksi lenu linaporudi, na hii ndiyo njia ambayo ningeifuata ningekuwa mimi. Mtetea alalie siku 18. Siku ya 7 na ya 14, jioni giza likianza, mayai yamulikwe kwa tochi ndani ya chumba cha giza, wachache wachache, dakika kumi tu. Siku ya 7 mtaona buibui mwekundu katikati: hiyo ndiyo mishipa. Yai jeupe tupu au lenye duara la damu mliondoe. Siku ya 18 chukueni mayai manne yaliyo hai muyahamishie kwenye boksi, joto na unyevu vikiwa vimekaa sawa tangu jana yake. Boksi lililowachosha kwa wiki tatu za zamu na umeme, sasa lina kazi ya siku tatu tu, mbele ya kioo. Vifaranga hao wakishakauka, usiku wa siku ileile muwasogeze chini ya mama pamoja na wale aliowatotoa mwenyewe. Gizani atawapokea. Msingoje wafikishe siku tatu nne, maana wengine huwadonoa wageni.

Wamisri, kwa taarifa ya darasa lako, walitotolesha maelfu ya mayai kwenye matanuri ya udongo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mafundi wao walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Msiwaige. 

Watano mlionao hawana mama, basi boksi ni mama. Wiki ya kwanza wanahitaji kama nyuzi 33 hadi 35, kisha punguzeni tatu hivi kila wiki. Kipimajoto bora ni wao wenyewe: wakirundikana chini ya globu na kulia kwa sauti kali, wana baridi; wakijibanza kuta za boksi wamepanua midomo, wamezidiwa na joto; wakiwa wametawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala ubavu, nenda kanywe chai. Globu iwe ya zamani ile ya kuchoma, hizi za kuokoa umeme hazitoi joto la maana. Kama umeme hauaminiki watu hutumia jiko la mkaa au chungu chenye makaa. Sikatazi, lakini kamwe lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ambamo watoto wanasoma au mlinzi analala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na inaua watu pamoja na vifaranga.

Maji yawe kwenye kisosi chenye kokoto ndani, kifaranga anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kidole. Siku ya kwanza chovya mdomo wa kila mmoja mara moja ajue yalipo. Chakula kiwe cha vifaranga wadogo kinachouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Pumba peke yake inajaza tumbo na kudumaza mwili. Hadi wiki ya nane kila mmoja atakula kama kilo moja na nusu, kwa hiyo kwa watano hawa ni mfuko mdogo. Kwa 20 mfanye bajeti kabla ya kuweka mayai, msianze kutafuta hela wakiwa wameshatoka. Baadaye mashudu ya alizeti, ambayo kwenu hayakosekani, yatapunguza gharama yakichanganywa na nafaka na dagaa.

Nirudi kwa mzazi anayeogopa. Mjibuni kwa heshima, hofu yake haijatoka hewani. Mafua ya ndege ni ugonjwa wa kweli, huhusishwa sana na ndege pori wa majini, na kwa kuwa Singida mna maziwa kama Singidani na Kindai yenye ndege wengi, kuku wa shule wasiachwe kuzurura ufukweni. Lakini vifaranga waliototolewa darasani kutoka kwenye mayai ya majirani wenye kuku wazima si tishio kubwa la ugonjwa huo. Hatari ya kila siku ni nyingine, isiyo na jina la kutisha: bakteria wa salmonela, anayekaa kwenye kinyesi cha kifaranga anayeonekana mzima kabisa na kumletea mtoto kuhara, homa na tumbo kusokota. Kinga yake ni sabuni. Ndoo ya maji yenye bomba na kipande cha sabuni iwekwe mlangoni, na kila anayemshika kifaranga anawe kabla hajagusa kitu kingine. Hakuna kubusu, hakuna kumweka kifaranga shavuni, uji haunywewi chumba hicho. Wa chekechea watazame tu, wasishike. Wanaoshika wakae chini sakafuni, kifaranga awe juu ya mapaja, dakika mbili kwa mtoto. Wakiwa wamesimama watamwangusha.

Chanjo msizikwepe kwa kuwa kuku ni wachache. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ukiingia kijijini hauulizi kama ni wa shule. Chanjo yake ni tone la jicho, ni rahisi, na kuku hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata atakupangia siku pamoja na ile ya gumboro, ugonjwa mwingine wa kuku wachanga. Mwombe aje kuchanja saa za masomo, watoto waone.

Muite huyo huyo bila kusubiri ukiona vifaranga wawili au zaidi wamekufa siku moja, kinyesi chenye damu, kinyesi cheupe kinachoziba sehemu ya haja, shingo kupinda au mbawa kulegea. Vifaranga wagonjwa wasishikwe na watoto, wala waliokufa wasitupwe ovyo. Wafukiwe kwenye shimo refu au wachomwe. Na mtoto akiharisha au kupata homa ndani ya siku chache baada ya kuwashika, apelekwe zahanati, mhudumu aambiwe kabisa kwamba shuleni kuna vifaranga. Hilo la mwisho watu hulisahau, na linaokoa muda mwingi.

Kabla hujamrudia mwalimu mkuu, kuna maswali mawili atakayokuuliza ambayo ungependa uwe na majibu yake kwenye karatasi. Kuku hawa watakwenda wapi? Karibu nusu yao watakuwa majogoo, na majogoo sita katika uwanja mmoja ni vita. Andikeni tangu sasa: mitetea mingapi inabaki shuleni, mingapi inarudi kwa aliyeazima kuku, majogoo yanauzwa lini na pesa inaingia daftari gani. Wanafunzi wakishawapa majina, na watawapa, makubaliano hayo yawe yamesainiwa zamani. La pili, nani atalisha wakati wa likizo? Yai likiwekwa, hesabu wiki tatu za kutotoa na wiki nane za kulea, kisha uitazame kalenda ya muhula. Kama wiki hizo 11 zinaangukia shule imefungwa, subirini muhula unaofuata.

Mayai yawekwe Jumanne. Siku 21 ni wiki tatu kamili, kwa hiyo watatoboa Jumatatu au Jumanne na darasa lipo, badala ya kutoka Jumapili na kukuta mlinzi peke yake. Siku ya 18 itaangukia Jumamosi: mtu aje kuhamisha yale mayai manne, kujaza maji na kufunga mfuniko. Kama wazazi wake wataridhia, mwombe yule mtoto aliyemenya ganda aje nawe, yeye ndiye afunge mfuniko, na karatasi ya kuandika saa ya kila tundu jipya ikae mikononi mwake. Niandikie ukishapata hesabu mpya, pamoja na ya kiota cha msumari.